Dawa ya Jino si Kung'oa Tu

Ukimtajia mtu wa kisiwani jina la Mwakirunge, aghalabu litakalomjia kwanza akilini ni jaa. Huko ndiko malori yanakokwenda kumwaga taka za mji wa Mombasa, na moshi wake tunaujua sisi wenye kuuvuta. Lakini Mwakirunge si jaa tu. Ni minazi na miembe, ni mashamba ya mihogo na mahindi, ni misikiti na vyuo vya Kurani, ni watu wenye heshima zao wanaoamka alfajiri kama Waislamu wengine wote wa pwani hii. Nami leo, ndugu msomaji, nataka twende pamoja huko Mwakirunge kwa ajili ya kitu kidogo kisichofika hata upana wa kidole. Nataka tuzungumze habari ya jino.

Yuko mzee wetu mmoja, mwalimu wa chuo, ambaye jina lake nitalihifadhi kwa heshima yake. Amesomesha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, na wengi waliopita mikononi mwake leo ni baba wa watu. Mwaka jana meno yake manne ya mbele ya juu yalianza kucheza. Hayakumuuma. Yalicheza tu, akiyasukuma kwa ulimi yanakwenda, akiuma muhogo wa kuchoma yanamsaliti. Mzee hakujali, kwa kuwa aliona ndio uzee wenyewe. Lililomshtua ni jambo jingine. Siku moja alikuwa akimsahihisha mtoto aliyekosea kutamka thaa, na mtoto, kwa adabu zote, akamjibu: "Maalim, mbona nawe wasema siini?"

Anayejua kusoma Kurani hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Herufi zina mahali pake pa kutokea. Faa hutoka pale ncha za meno ya mbele ya juu zinapogusa mdomo wa chini. Thaa, dhali na dhaa hutoka ncha ya ulimi inapofika kwenye ncha za meno hayo hayo. Meno yakilegea na kujitokeza mbele, au yakiondoka, herufi hizo hukosa ukuta wa kuegemea. Kwa wengi wetu pengo ni aibu ya kuficha wakati wa kucheka; kwa mwalimu wa chuo, pengo ni chombo cha kazi kilichovunjika.

Basi mzee akaanza kuuliza watu, na jibu lililotoka katika kila kinywa lilikuwa moja: "Maalim, dawa ya jino ni kung'oa." Jirani alisema hivyo, mwenye duka alisema hivyo, na hata mahali alipokwenda kuonyesha kinywa chake, ambapo sipataji, alitazamwa kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha kahawa, akaambiwa arudi Jumatatu yang'olewe yote manne. Jumamosi usiku alinipitia nyumbani akaniambia, "Mwanangu, Jumatatu nakwenda kuutua mzigo huu." Nilimwomba asubiri. Nami naandika haya kwa sababu naona kwamba neno hilo, kuwa dawa ya jino ni kung'oa, ambalo tumelirithi na kulikariri kama kwamba ni sheria, limetupotezea meno mengi ambayo yangeweza kuokolewa.

JINO HUSHIKWA NA NINI?

Wengi wetu hudhani jino limepigiliwa katika taya kama msumari kwenye ubao. Sivyo. Mzizi wa jino umekaa ndani ya shimo la mfupa wa taya, na baina ya mzizi na mfupa kuna nyuzi nyembamba nyingi mno zinazolishika jino pande zote. Mfano wake ni mlingoti wa jahazi. Mlingoti hausimami kwa nguvu zake peke yake. Husimama kwa kamba zilizokazwa huku na huku, na kwa pale chini ulipokitwa. Kamba zikilegea na pale chini pakioza, mlingoti utayumba hata ukiwa ni mti mzima usio na ufa. Nahodha mwenye akili akiona mlingoti unayumba, huanza kwa kutazama kamba.

Ndivyo lilivyo jino linalocheza. Mara nyingi jino lenyewe ni zima, halina tundu. Kilichoharibika ni ufizi na mfupa, na chanzo kikubwa ni ukoga. Kila siku vijidudu vya kinywani hujenga utando laini juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Utando huo usipoondolewa, chumvichumvi za mate huugandisha ukawa mgumu kama jiwe, na hapo hakuna mswaki utakaoubandua. Ukoga ukishuka chini ya ufizi, ufizi huvimba na kutoa damu, kisha huachana na jino na kufanya mfuko. Kwa mtu mwenye fizi nzima, kina cha nafasi hiyo huwa milimita moja hadi tatu. Fizi zikiugua, mfuko hushuka milimita tano, sita na zaidi, na mfupa nao hurudi nyuma kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka.

Na balaa la maradhi haya ni kuwa aghalabu hayaumi. Jino lililotoboka hupiga kelele usiku kucha hata jirani akajua. Ufizi huharibika kimya. Dalili zake ni damu kwenye mswaki, harufu ya kinywa, fizi zinazopungua hata meno yakaonekana marefu, na nafasi zinazofunguka baina ya meno ya mbele. Tunaziona dalili hizo na kuzipa majina mengine. Damu tunasema ni mswaki mgumu. Harufu tunasema ni saumu. Meno kurefuka tunasema ni uzee. Wako hata waonao damu wakaacha kupiga mswaki, wakidhani wanaupumzisha ufizi, kumbe wanayaongezea maradhi chakula.

Wala si maradhi ya Mwakirunge peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022 juu ya afya ya kinywa, lilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni moja duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Wenye kuvuta sigara na wenye kisukari wamo hatarini zaidi. Kisukari na fizi ni kama watu wawili wanaochocheana: sukari ya damu ikiwa juu, fizi huharibika upesi, na fizi zikiwa na maradhi, sukari huwa vigumu kuituliza. Nawe msomaji jihesabie mwenyewe, katika nyumba za ukoo wako, ni ngapi leo zisizo na mgonjwa wa kisukari.

KUNG'OA NI HUKUMU YA MWISHO

Sasa, jino likicheza lifanyweje? Kwanza lipimwe. Madaktari wa meno huligawa jambo hili katika daraja tatu. Daraja ya kwanza, jino linatikisika kidogo tu, si zaidi ya milimita moja. Daraja ya pili, linakwenda mbele na nyuma kwa zaidi ya milimita moja. Daraja ya tatu, linakwenda mbele na nyuma, na pia linazama na kupanda katika shimo lake. Daktari hupima vilevile kina cha mfuko kwa kijiti chembamba chenye alama, na hupiga picha ya eksirei kuona mfupa uliobaki. Anayeng'oa bila kutaka kujua hata moja katika haya ni kama kadhi anayetoa hukumu kabla ya kusikiliza mashahidi.

Ikiwa ni daraja ya kwanza au ya pili, na mfupa wa kutosha bado upo, kazi ya kwanza ni kusafisha. Ukoga hukwanguliwa juu ya jino na chini ya ufizi mpaka kwenye mzizi, pengine kwa sindano ya ganzi, na pengine kwa safari mbili tatu. Mgonjwa hufunzwa kusafisha kinywa chake nyumbani, maana bila hivyo ukoga utarudi. Baada ya wiki kadhaa uvimbe hushuka, fizi hukaza, na meno mengi hupunguza kucheza. Mifuko ikiwa bado mirefu, daktari hufungua ufizi kwa upasuaji mdogo asafishe pale pasipofikika. Na meno yanayocheza kiasi cha kumsumbua mtu kula au kusema, hufungwa pamoja na wenzao walio imara, kwa waya mwembamba au uzi maalumu unaogandishwa nyuma ya meno, yakasaidiana kama watu walioshikana mikono wakivuka maji ya kasi.

Kuna pia jino linalocheza kwa sababu linapigwa kupita kiasi. Mtu husaga meno usingizini, au jino limezibwa likawa refu kuliko wenzake. Hilo hupunguzwa kidogo urefu wake, likapumzika. Na lipo lenye jipu kwenye mzizi, ambalo likisafishwa ndani na kuzibwa huweza kupona. Yote haya ni matibabu, na katika yote hakuna koleo.

Haya basi, kung'oa kupo. Jino lililofika daraja ya tatu, mfupa wake umekwisha na usaha haukauki, hilo ni kama mgeni aliyekwisha funga mizigo, na kumzuia ni kuwadhuru majirani zake. Mimi sisemi jino lising'olewe kamwe. Nasema kung'oa iwe hukumu ya mwisho, isiwe ya kwanza. Maana jino likiondoka, mfupa wa taya hunyauka pale lilipokuwa, meno ya kando huinama kuelekea pengo, na lile la upande wa pili hutoka mahali pake likimtafuta mwenzake asiyekuwapo. Pengo moja ni mwanzo wa mapengo.

TABIBU WA KORDOBA

Na isidhaniwe kuwa haya ni mambo mapya tuliyoletewa na Wazungu. Miaka elfu moja iliyopita, huko Andalusi karibu na mji wa Kordoba, alikuwako tabibu Abul-Qasim az-Zahrawi, aliyefariki yapata mwaka 1013. Kitabu chake kikubwa, at-Tasrif, kina sehemu nzima ya upasuaji yenye michoro ya vyombo. Humo alieleza namna ukoga unavyoganda juu ya meno na kuziharibu fizi, akachora vyombo vya kuukwangua, vya maumbo mbalimbali kwa kila upande wa jino. Alieleza namna ya kuyafunga meno yanayocheza kwa waya wa dhahabu pamoja na meno imara, akaipendelea dhahabu kwa kuwa fedha hubadilika kinywani. Alieleza hata kuchonga mfupa wa ng'ombe ukawekwa mahali pa jino lililoanguka. Na katika kung'oa, aliwaonya watu wasiharakishe, akawalaumu vinyozi wajinga walioingia kazi hiyo bila elimu na kuwaumiza watu.

Yaani kukwangua, kufunga, kutia badali, na kung'oa baada ya kujaribu mengine. Huo ndio mpango ule ule utakaousikia leo kwa daktari wa meno mwenye kuijua kazi yake. Jambo lililojulikana Kordoba miaka elfu moja iliyopita, linamkosaje mtu wa Mwakirunge, ambaye kutoka kwake mpaka hospitali kuu ya Makadara ni safari ya bodaboda na matatu?

JINO LA MTOTO

Kuna jino linalocheza ambalo halitaki tabibu. Mtoto afikapo miaka sita hivi, meno yake ishirini ya utotoni huanza kuondoka moja baada ya moja, mpaka afike miaka kumi na miwili. Sisi wenyewe tuliyarusha juu ya paa la makuti tukaomba jipya. Mwacheni mtoto alisukume kwa ulimi wake mpaka litoke.

Lakini mzazi ajue tofauti. Mtoto mdogo ambaye meno yake yanacheza kabla ya wakati, hasa ya nyuma, na taya lake likaanza kuvimba, asipelekwe kwa mng'oaji. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa mataya aliouona kwa watoto wa Uganda. Baadaye alisafiri kwa gari nchi nyingi za Afrika akiulizia hospitali kwa hospitali, akaona kuwa maradhi hayo yanafuata nchi za joto na mvua, zile zile zenye malaria. Ni saratani, na leo inaitwa kwa jina lake. Hapa Kenya hupatikana zaidi upande wa Ziwa Viktoria na huku kwetu Pwani.

Moja katika dalili zake za mwanzo ni meno ya mtoto kucheza. Uvimbe wake hukua kwa siku na wiki, haungoji miaka. Lakini pia ni katika saratani zinazosikia dawa, mtoto akifikishwa hospitali kubwa mapema. Fikiria basi, ndugu msomaji. Mzazi aliyefundishwa kuwa dawa ya jino ni kung'oa atang'oa la kwanza, atang'oa la pili, na siku zinapita. Hapo neno letu la mitaani limetoka kwenye kupoteza jino, limefika kwenye kupoteza mtoto.

Na kuna jino lililolegea kwa pigo: mpira wa jioni, baiskeli, bodaboda. Hilo nalo watu hukimbilia kulimalizia. Sivyo. Jino la mtu mzima lililolegea kwa pigo hurudishwa mahali pake na kufungwa na wenzake kwa wiki mbili hivi, pengine nne, na mara nyingi hushika. Hata lililotoka zima huweza kurudishwa. Lishikwe kwa kichwa chake, lisishikwe mzizi, lisisuguliwe, likiwa na mchanga lisuuzwe kidogo tu, lirudishwe shimoni pake, au litiwe katika kikombe cha maziwa, na mtu afike kwa daktari ndani ya saa moja. Jino la utotoni peke yake ndilo lisilorudishwa, kwa kuwa huweza kuliumiza lile linalokuja chini yake.

DHAHABU NA PEMBE

Jino likishaondoka, hubaki swali la badali. Hapa pana maneno mengi katika barza zetu, hasa juu ya dhahabu. Nani katika sisi wenye umri asiyemkumbuka bibi au shangazi aliyekuwa akicheka nusu ili jino lake la dhahabu lionekane? Kwa wanawake dhahabu ni pambo lao. Mashaka huja kwa wanaume.

Imepokewa katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi kuwa sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani kabla ya Uislamu, akatengeneza pua ya fedha ikamtoa harufu, na Mtume s.a.w. akamwamrisha aweke ya dhahabu. Wanavyuoni wakaipima jino kwa pua. Katika madhehebu yetu ya Shafi mwanamume ameruhusiwa dhahabu kwa pua, kwa jino na kwa ncha ya kidole. Abu Hanifa yeye alipendelea fedha katika kufunga meno, na mwanafunzi wake Muhammad akaruhusu dhahabu. Basi mwenye haja asitiwe mashaka. Lakini kijana mwenye meno yake mazima anayetaka kuvishwa dhahabu moja ili aonekane, huyo haja yake ni nyingine, naye akamwulize sheikh wake.

Wazee wetu walinena kuwa jino la pembe si dawa ya pengo. Hawakusema hivyo kwa kubuni. Pembe za ndovu zilipita katika bandari ya Mombasa kwa karne nyingi, na ni kweli kuwa meno ya bandia yalichongwa kwa pembe. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu kinywani, na yale aliyovaa yalitengenezwa kwa pembe na meno ya wanyama na ya watu. Yalimtesa mpaka mwisho wa umri wake. Na kwa Mshafi kuna zaidi ya mateso, kwa kuwa pembe ya mnyama asiyechinjwa ni najisi.

Leo mambo yamebadilika. Tangu miaka ya 1930 meno ya kuvaa na kuvua hutengenezwa kwa plastiki ngumu, ambayo ni nyepesi na yenye bei ya chini kuliko nyinginezo. Lipo daraja, yaani jino la bandia linaloegemea meno mawili ya kando, ambayo huchongwa kidogo ili kulibeba. Na iko skrubu ya titani inayopandwa katika mfupa wa taya na kuvishwa jino juu yake, kazi iliyoanzwa kwa binadamu na Per-Ingvar Brånemark huko Uswidi mwaka 1965. Hiyo ni imara kuliko zote, na ghali kuliko zote. Anayevaa meno ya bandia asiogope kuhusu udhu, maana kusukutua kwa Shafi ni sunna. Lakini usiku ayavue, ayaoshe na ayaache majini.

Pamoja na hayo, methali bado imesimama. Hakuna badali ya hizi inayolingana na jino ulilopewa na Mola wako. Aliyewahi kula bisi kwa meno ya kuvaa ataniunga mkono.

MSWAKI TULIOUFANYA PAMBO

Hapa ndipo nataka kusema na sisi Waislamu wenyewe. Hatuna udhuru. Dini yetu imehimiza mswaki kwa msisitizo ambao kila mtoto wa chuo anaujua: katika udhu, wakati wa Sala, unapoamka usingizini. Mti wa mswaki unaota huku huku kwetu, na Shirika la Afya Duniani tangu miaka ya 1980 limeunga mkono matumizi yake mahali palipo na desturi hiyo. Lakini tazama tunavyoutumia. Mtu huutoa mfukoni msikitini, akasugua meno sita ya mbele mara tatu, akaurudisha mfukoni. Ncha ni ile ile ya wiki iliyopita, imekauka na kuchakaa. Meno ya nyuma na upande wa ndani, ambako ndiko ukoga unakoanza, hayajapata kuuona mswaki tangu Idi.

Mswaki, wa mti au wa dukani, hutaka kupelekwa pale ufizi unapokutana na jino, nje na ndani, mbele na nyuma, kwa utulivu, si kwa nguvu. Ncha ya mti ikatwe na kutafunwa upya kila siku. Na mwenye ukoga uliokwisha ganda ajue kuwa mswaki hautauondoa. Utauondoa mkono wa daktari, kisha mswaki ulinde kilichosafishwa.

Mwezi wa Ramadhani ndio hatari zaidi. Tunafuturu kwa tende, kaimati na tambi za sukari, tunakula daku, kisha tunalala na kinywa kile kile. Na kwa kuwa katika madhehebu yetu mwenye kufunga huchukizwa kutumia mswaki baada ya adhuhuri, basi ndivyo inavyozidi kuwa lazima kuusafisha mdomo baada ya futari na baada ya daku. Anayetaka kung'olewa jino au kukwanguliwa, na hana dharura, afanye usiku au asubiri mwezi uishe, kwa kuchelea kumeza damu au maji.

Na karafuu? Mafuta ya karafuu ni dawa kweli. Hata madaktari wa meno huyachanganya na zinki katika dawa zao za kuziba. Lakini hutuliza maumivu tu, hayakazi jino linalocheza, na yakizidi huunguza ufizi. Ama wale wanaothubutu kutia maji ya betri kinywani, hao tuwaombee akili.

TUNACHODAI

Mzee wetu wa Mwakirunge hakwenda ile Jumatatu. Tulikwenda siku nyingine, mahali pengine, akapimwa na kupigwa picha. Katika meno manne, moja lilikuwa daraja ya tatu, halikuwa na la kushika. Hilo lilitolewa. Matatu yalisafishwa kwa safari tatu na kufungwa pamoja kwa nyuma, na baada ya miezi kadhaa akatengenezewa jino moja la kuvaa. Alipimwa na sukari pia, ikaonekana iko juu, naye hakuwa akijua. Sitadai kuwa kinywa chake kimekuwa cha kijana. Muhogo wa kuchoma ameuacha. Lakini thaa yake ni thaa, na yule mtoto aliyemsahihisha ameshahitimu juzuu nyingine tano mbele yake.

Gharama ilikuwapo, wala siifichi. Kung'oa ni bei nafuu kuliko kusafisha, na ndiyo sababu maskini huambiwa ang'oe na tajiri huambiwa atibiwe. Hili ndilo linaloniuma. Kwa Katiba ya mwaka 2010, zahanati na hospitali zetu zimo mikononi mwa serikali ya kaunti. Kuna maofisa wa afya ya kinywa waliosomea kazi ya kusafisha meno. Kaunti na iwatume katika zahanati za bara, Kisauni, Likoni na Changamwe, hata kama ni siku moja kwa wiki, na kiti cha meno kisiwe ni kitu cha kufuatwa kisiwani tu. Mji unaoweza kutuletea taka zake kila siku kwa malori hauwezi kushindwa kutuletea daktari mmoja kwa wiki.

Walimu wa vyuo nao, wanapofundisha udhu, wafundishe mswaki kwa vitendo, mtoto aonyeshe meno yake ya nyuma kama anavyoonyesha kisugudi chake kilivyorowa. Nasi wenyewe, tukiona damu kwenye mswaki, tuichukue kuwa ni barua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kinywa haujengwi kwa saruji.

Na mtu akikuambia dawa ya jino ni kung'oa, mwulize kwa upole: amelipima?